Kinachoyashika Makontena

Wanangu, tarehe 10 Januari 1992 bata walimwagika baharini. Walikuwa bata wa plastiki, wa manjano, wale wanaochezewa na watoto wakati wa kuoga. Meli iliyowabeba ilikuwa imetoka Hong Kong ikienda Tacoma, Marekani, na katikati ya Pasifiki ikakutana na dhoruba. Ikaenda mrama. Ikalala upande huu, ikainuka, ikalala upande wa pili, hadi makontena 12 yakang'oka sitahani yakatumbukia majini. Moja lilifunguka, na vichezeo 28,800 vikatoka: bata hao, kobe wa buluu, vyura wa kijani, na biva wekundu, wale wanyama wa mitoni wanaoguguna miti. Miezi kumi baadaye watu wa Sitka, Alaska, wakaanza kuviokota ufukweni. Mtaalamu wa bahari, Curtis Ebbesmeyer, alitumia miaka mingi kuvifuatilia, maana kila bata aliyeokotwa alimwonyesha mkondo wa maji unapita wapi.

Wasimulizi wengi wa kisa hiki huondoka na bata. Leo mimi nabaki melini. Makontena 12 yalianguka, lakini mengine yalibaki palepale, yamepandana, katika dhoruba ileile. Yalishikwa na nini?

Kwanza tujue uzito wa jambo lenyewe. Kontena la futi 20, lile fupi, lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. Makontena ya siku hizi yakijazwa sawasawa huruhusiwa kufika kilo 30,480, yaani tani 30 na nusu. Sasa pandisheni la pili juu ya la kwanza, la tatu juu ya la pili, mpaka yawe sita. Halafu chukueni hiyo sakafu iliyobeba mnara huo muilaze nyuzi 20 kulia, kisha nyuzi 20 kushoto, kisha kulia tena, usiku kucha.

Mngeyafunga na nini?

Najua wa kwanza kunyoosha mkono atasema kamba. Kamba hulegea, hulika, na haina nguvu ya kutosha kwa mzigo huu. Wa pili atasema nondo za chuma, na huyo amekaribia. Meli hutumia kweli nondo zinazopita mshazari kutoka sitahani hadi pembe za makontena ya chini, zikakazwa kwa vikazio vya kuzungushwa. Ila baharia aliyesimama sitahani hawezi kufikisha nondo kwenye kontena la sita. La juu kabisa linahitaji kushikwa na lililo chini yake, nalo lishikwe na la chini yake, mpaka sitahani.

Basi boliti na nati? Boliti ni imara, hilo sibishi. Lakini tuhesabu. Kila kontena hukutana na la chini yake kwenye pembe nne. Makontena 1,000 yakiwa juu ya sitaha, maungio ni 4,000. Fundi hodari akitumia dakika tatu tu kwa kila boliti, hizo ni dakika 12,000, au saa 200 za kazi, na bado safari haijaanza. Akifika bandari ya pili, aanze kuzifungua, nazo zimekwisha kula chumvi na kutu. Kuchomelea je? Ukichomelea hutapata shida ya kulegea tena maishani, wala hutapata kushusha mzigo.

Fundo la hadithi liko hapo. Kiungio cha vitu vinavyopandana lazima kishike kwa nguvu ya kutisha kinapotakiwa kushika, na kiachie mara moja kinapotakiwa kuachia. Mambo hayo mawili hayapendani. Ukiongeza la kwanza unapunguza la pili, na ndiyo maana swali hili lilingoja muda mrefu kupata jibu zuri.

Jibu lilipatikana Marekani katika miaka ya 1950. Mwenye malori mmoja wa North Carolina, Malcom McLean, alichoka kuona mizigo ikipakuliwa kwenye lori gunia kwa gunia, ikapakiwa melini gunia kwa gunia, na upande wa pili kazi hiyohiyo ikarudiwa. Akataka sanduku zima liinuliwe kutoka kwenye lori na kuwekwa melini bila kufunguliwa. Mwaka 1955 akamwajiri mhandisi Keith Tantlinger, aliyekuwa akiunda matrela katika jimbo la Washington. Tantlinger alipopeleka makontena yake mawili ya majaribio Baltimore, alimkuta McLean na wenzake wamepanda juu ya paa la kontena wanarukaruka kwa miguu, kuona kama litabonyea. Halikubonyea. Nakipenda sana kisa hiki, kwa sababu wakubwa wale walifanya ambacho ninyi mngefanya.

Tarehe 26 Aprili 1956 meli yao ya kwanza, Ideal-X, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Yote yalikuwa yamepangwa juu ya sitaha kwa tabaka moja. Hakuna lililopanda juu ya jingine, kwa hiyo swali letu lilikuwa halijafika. Lilifika Oktoba 1957, mwezi uleule ambao Wasovieti walirusha setilaiti ya Sputnik angani, pale meli ya Gateway City ilipoanza kazi ikiwa na nafasi ya makontena 226. Safari hii yalipandana, tumboni mwa meli na juu ya sitaha.

Yaliyokuwa tumboni yalikuwa na reli za wima, yakateremshwa katikati yake yakatulia. Ya sitahani hayakuwa na reli. Hayo ndiyo Tantlinger aliyoyatengenezea loki.

Tuiangalie kwa karibu. Pembe ya kontena si bati lililokunjwa. Ni kipande kinene cha chuma kilichomiminwa katika kalibu, chenye uwazi ndani, kikachomelewa kwenye nguzo ya pembe. Urefu wake ni milimita 178, upana 162, kimo 118. Kina matundu, na la kuangalia ni lile la juu: ni refu na jembamba, milimita 124 kwa 63 hivi. Kontena lina pembe nane, nne juu na nne chini, na kila moja ina tundu la namna hiyo: za juu upande wa juu, za chini upande wa chini.

Loki yenyewe unaweza kuibeba mkononi, ingawa haichukui muda mkono kuchoka. Katikati ina mwili wa chuma wenye ukingo mpana. Juu ya ukingo kuna kichwa, chini ya ukingo kuna kichwa kingine, na vyote viwili vina umbo la koni iliyobanwa pande mbili, refu na jembamba, sawasawa na lile tundu. Shimo la kupitia katikati lina mhimili unaoviunganisha vichwa hivyo, na ubavuni mwa loki hutokeza mkono.

Kontena la juu likiteremshwa, kichwa cha loki huingia kwenye tundu la pembe yake ya chini, refu kwa refu, bila kugusa. Kisha mtu anavuta mkono. Mhimili unazunguka robo ya duara, nyuzi 90, na kichwa kilichoingia kwa urefu sasa kinalala kwa upana juu ya kingo za tundu. Ni kifungo cha shati: hupita kwenye tundu lake kikiwa kimesimama kwa ubavu, na kikishalala hakitoki hata ukivuta. Kukitoa hakuhitaji nguvu. Kinahitaji kugeuzwa tu.

Sekunde chache za kufunga, sekunde chache za kufungua. Hakuna uzi wa boliti wa kuliwa na kutu, hakuna nati ya kudondoka baharini. Tantlinger alipewa hataza nyingi maishani mwake, lakini mimi naiweka hii mbele ya zote.

Mtauliza, kwa nini pembeni? Kwa nini asizifunge katikati ya paa au kwenye kuta? Kwa sababu kuta za kontena ni bati lililokunjwa mawimbimawimbi, lenye unene wa milimita mbili tu au pungufu. Hazibebi mnara. Zinazobeba ni nguzo nne za pembe. Uzito wa kontena la juu hushukia kwenye pembe zake nne, huingia pembe nne za lililo chini, hushuka kwa nguzo, na kuendelea hivyo mpaka kwenye meli. Pembe za juu huinuka kidogo kupita paa, angalau milimita sita, makusudi, ili paa lisiguswe. Mkisimama mbali mkatazama makontena yaliyopandana gatini, mtaona mwanga kati ya moja na jingine. Yanagusana pembeni tu.

Bahari ikichafuka, kazi ya loki hubadilika. Meli ikiwa imetulia, loki karibu hailazimiki kufanya lolote, kwani uzito wenyewe umekwisha kuyakalisha makontena. Meli ikilala kulia, mnara mzima hutaka kuelemea kulia. Nguzo za kulia hukandamizwa. Za kushoto huanza kuinuka, na kama kuinuka huko kukipita uzito, hakuna kitu kinachozuia kontena kupinduka isipokuwa vichwa vile vya loki vilivyolala juu ya kingo za matundu. Papo hapo kontena la juu hutaka kuteleza kwa ubavu, na shingo ya loki ndiyo inayolizuia. Kwa hiyo chuma hicho huvutwa kwenda juu na kukatwa kwa ubavu kwa wakati mmoja. Loki nyingi za meli hutengenezwa zihimili mvuto wa kilonewtoni 250, sawa na uzito wa tani 25 hivi, na hazitakiwi kukatika mpaka mvuto ufike mara mbili ya hapo.

Mzigo mkubwa zaidi huangukia loki za chini kabisa, kwa kuwa zenyewe hushika mnara wote. Ndiyo sababu mpangaji wa meli huweka makontena mazito chini na mepesi juu. Na ndiyo sababu ni hatari mfanyabiashara akiandika tani 10 wakati ndani mna tani 25. Tangu Julai 2016 sheria za kimataifa za usalama wa baharini zinataka uzito wa kila kontena lililojazwa uthibitishwe kabla halijapakiwa. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Uongo ulioandikwa kwenye karatasi hubebwa na chuma, na chuma kina mwisho.

Liko jambo jingine ambalo wengi hulishangaa. Loki ya kontena haikazi. Ukishaifunga, bado kontena laweza kuinuka milimita kadhaa kabla kichwa hakijagusa ukingo. Tumezoea kudhani kilichokazwa sana ndicho salama, lakini fikirieni dereva wa kreni aliye juu kabisa, anateremsha kontena lililopigwapigwa kwa miaka kumi, pembe moja imepinda kidogo, upepo unavuma. Kama vichwa vingejaa tundu bila nafasi, kimoja tu kingegoma na makontena yote yangesubiri. Nafasi hiyo ndogo imepimwa. Ikizidi, kontena hugonga na kugonga mpaka chuma kinachoka. Ikipungua, halifungiki.

Na hatari niliyoisikia ikitajwa mara nyingi na watu wa meli ni ndogo kwa macho. Zipo loki zinazofungwa kwa kusukuma mkono kushoto, na zipo zinazofungwa kwa kuusukuma kulia. Kila aina ni nzuri peke yake. Zikichanganywa kwenye meli moja, ni balaa. Baharia anayepita chini ya mnara usiku huangalia mikono: yote ikielekea upande mmoja, anajua zimefungwa. Kukiwa na aina mbili, hawezi kujua tena. Mkono uliogeuka upande wa pili huenda ni loki ya namna nyingine, huenda ni loki iliyo wazi. Kwangu mimi, loki isiyoweza kuonyesha kama imefungwa ni loki nusu.

Zamani wafanyakazi walipanda juu ya makontena kuweka loki na kuzifunga, na wapo walioanguka wakafa. Hilo lilileta loki yenye springi. Hiyo huwekwa mtu akiwa amesimama chini gatini: kreni hulisimamisha kontena kwenye kimo cha mtu, wafanyakazi huchomeka loki nne kwenye pembe za chini na kurudi nyuma, kisha kontena hupanda. Likitua juu ya jingine, mabega ya kichwa cha chini, yaliyochongwa mteremko, husukumwa na kingo za tundu. Kichwa huzunguka chenyewe, hupenya, na springi hukirudisha. Huwa unasikia mlio wa chuma. Siku ya kushusha, mtu huvuta waya wa loki kwa mti mrefu akiwa sitahani, kichwa hugeuka kikabaki wazi, na kontena huinuliwa na loki zake. Zikifika gatini huchomolewa na kutiwa kwenye pipa zingoje safari nyingine.

Sasa sehemu ya hadithi ambayo naipenda kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kila kampuni ilikuwa na makontena yake na pembe zake. Kampuni ya McLean ilitumia ya futi 35. Matson, kampuni ya California, ilitumia ya futi 24 na pembe za namna nyingine. Hayakuweza kupandana wala kuinuliwa na kreni moja. Loki nzuri ilikuwepo, lakini ilikuwa mali ya kampuni moja, imelindwa kwa hataza. Tantlinger, wakati huo akiwa amekwisha kuhamia kampuni nyingine, alimwomba McLean aziachie hataza hizo. Mwaka 1963 McLean akaziachia, kila mtu azitumie bila kulipa. Pembe ile ikawa msingi wa kipimo kilichopitishwa baadaye na Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, baada ya mabishano marefu na marekebisho kadhaa. Kipimo hicho kinaitwa ISO 1161. McLean angeweza kuing'ang'ania hataza na kukusanya ada. Alihesabu vyema: loki inayofaa kontena la kila mtu ina thamani kubwa kuliko loki inayofaa lako peke yako.

Ndiyo maana kontena lililotengenezwa China hupanda juu ya lililotengenezwa kwingine, likashushwa Mombasa au Dar es Salaam na kreni isiyojua limetoka wapi. Kwetu huku pia kulikuwa na siku za gunia kwa gunia. Kahawa, pamba, mkonge na karafuu vilipanda melini kwa migongo ya makuli, na kazi ile iliwavunja migongo lakini iliwalisha watoto wao. Kontena lilipokuja, wengi walikosa kazi. Siwezi kuwasifia loki nikawaficha hilo.

Hata nchi kavu loki ni zilezile. Trela linalobeba kontena kutoka Mombasa kwenda Kampala, au Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka mpaka, lina loki zilizochomelewa kwenye fremu yake. Kichwa hutokeza juu, mkono uko chini. Kontena likiwekwa, utingo huzunguka kila pembe kuzifunga. Asipozifunga, kontena limekalishwa na uzito wake tu, na kwenye kona kali laweza kuteleza au kupinduka likaangukia gari la jirani. Barabara haina mawimbi, lakini ina kona, mashimo na breki za ghafla, na kila kimoja kinaipa loki kazi ya baharini.

Karibu na kwenu bila shaka lipo kontena lililogeuzwa duka, stoo au ofisi. Ombeni ruhusa kwa mwenyewe, mwende na rula. Pimeni pembe ya chini muone kama mtapata 178, 162 na 118. Chunguzeni matundu yake ya ubavuni. Kisha tafuteni kibati kilichopigiliwa mlangoni, kinachotakiwa na mkataba wa kimataifa wa usalama wa makontena wa mwaka 1972. Kina mstari unaotaja uzito unaoweza kupandishwa juu ya kontena hilo, na mara nyingi mtasoma kilo 192,000 au zaidi. Gawanyeni kwa nguzo nne mjue kila moja inabeba tani ngapi. Msipande juu yake, wala msisogelee kontena linaloning'inia kwenye kreni. Na mkimkuta utingo akizikagua loki za trela lake kabla ya safari, msimsemeshe mpaka aimalize ya mwisho.